Nilivyozila Kura za Maji

Yakhe, leo uso wangu umebaki upande wa Chwaka. Mwili umerudi mjini, umekaa hapa intaneti ya Shangani, unaandika. Uso haupo.

Nakuandikieni kundi zima kwa mpigo mmoja kwa sababu najua habari itakufikieni tu. Dereva wetu ana mdomo, na leo simu yake ina salio. Bora mpate kutoka kwangu kabla hajaongeza chumvi (ingawa sijui ataiongeza wapi, nafasi haipo).

Mnaijua kazi yangu: afisa mazingira wa kampuni ya mahoteli. Ilikuwa kazi ya raha. Kila mwaka wakubwa wa Ulaya wanataka ripoti, naandika kwamba tumebadilisha balbu, tumepunguza karatasi ofisini, tumepanda minazi. Naweka picha ya mnazi. Basi, tumemaliza!

Mwaka huu Ulaya wameamka na jambo jipya. Hawataki tena kila kitu. Wanataka tupime kwanza yapi hasa yana uzito. Yapi yanawagusa sana watu wanaoishi jirani na hoteli, na yapi yanaigusa sana kampuni yenyewe. Jambo likiwa zito pande zote mbili, hilo ndilo la kuripotiwa, na hilo ndilo litakalotengewa fungu la mwaka.

Hapo kwenye fungu ndipo penye kazi. Kijiji kilicho jirani na hoteli yetu (jina nalihifadhi, ijapokuwa wao langu hawatalihifadhi) kina kisima kimoja cha maji matamu. Tangu hoteli itie pampu kubwa, maji yale yameanza kuingia chumvi. Kila mtu anajua. Mimi najua. Lakini ripoti ya Ulaya haijui, kwa sababu haijawahi kuulizwa. Maji yakitoka juu kwenye kipimo hiki, kampuni inaleta mtambo wa kuchuja maji ya bahari na kisima kinarudi kwa wenyewe. Yakitoka chini, tunanunua balbu.

Kwa hiyo leo ilikuwa siku ya kwenda kuwauliza wanakijiji. Na mkuu wa shughuli hizi amekuja mwenyewe kutoka Ulaya kushuhudia. Anaitwa Bi Karin, mama wa makamo, mrefu, mpole. Kiswahili amejifunza darasani na anakizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Alikuja na vibandiko vya duara, vya rangi rangi, ili kila mwanakijiji abandike kwenye jambo analoliona zito.

"Bi Karin," nikamwambia, "hawa watu wazima. Si watoto wa chekechea. Hii niachie mimi."

(Njia nzima ya kurudi nimekaa nyuma ya gari nayarudia maneno hayo kimoyomoyo. Niachie mimi. Niachie mimi!)

Fikra yangu ilikuwa bao. Msigune, nisikilizeni kwanza. Safu ya mbele ya bao ina mashimo manane. Safu ya mbele ya mwenzako, nayo mashimo manane, yanatazamana na yako. Mimi nina mambo manane! Upande huu kijiji, upande ule kampuni. Kila mtu apewe kete, azitie kwenye shimo la jambo linalomgusa. Shimo likijaa pande zote mbili, jambo zito. Safu za nyuma sizihitaji, nikazifunika kwa kitambaa cha meza cha hotelini. Kwenye kila pea ya mashimo nikabandika kipande cha karatasi chenye mchoro. Tone kwa maji, chupa kwa taka, ufagio kwa ajira, na kadhalika. (Mwani wangu ulitoka kama nywele za mtu aliyetoka usingizini, lakini walinielewa.)

Bi Karin alipoliona alifurahi sana. Akasema, "Huu ni ubunifu wa hali ya juu." Nikavimba. Mtu akivimba asubuhi, yakhe, ajiangalie mchana.

Tukafika. Mkutano ulikuwa ukumbi wa skuli. Sheha akatukaribisha, dua ikasomwa, nikaeleza. Wanawake walikaa upande mmoja na kiongozi wao Bi Mize, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani. Huyu mama hasemi sana. Anakutazama mpaka unaanza kukumbuka madhambi yako.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Hivi tukitia kete humu, ndo maji yatakuja?"

"Ndo tutajua lipi zito, Bi Mize. Kisha kampuni itaamua."

"Sie twalijua lipi zito toka zamani. Haya, lete."

Kampuni ikaanza ili kuonyesha mfano. Mimi na mtunza stoo wetu tukatia kete upande wa hoteli: kidogo kwenye taka, kidogo kwenye jenereta, nyingi kwenye ajira. Kwenye shimo la maji la hoteli nikatia kete moja. Moja tu. (Sikutaka tuonekane tunajisema wenyewe mbele ya mgeni. Msinitazame hivyo.)

Kisha wakaja wanawake. Walipita mmoja mmoja, wametulia, na kila mmoja akatia kete zake kwenye tone. Bila kushauriana, bila kutazama mashimo mengine. Shimo la maji la kijiji likajaa mpaka kete zikawa zinamwagika, nikawa nazipanga kwa kidole zisianguke. Bi Karin anaandika. Sheha anatikisa kichwa. Mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma, afisa mzima. Laiti ningeomba udhuru hapo hapo nikaenda chooni nisirudi!

Wakaja wanaume.

Wa mbele alikuwa Mzee Vuai. Huyu sikupata kumuona kabla, na nilikuwa sijaambiwa kwamba ndiye fundi wa bao wa vijiji vyote vya upande ule. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kula. Akachutama mbele ya bao, akalitazama, akasikitika.

"Mwanangu Nassor, hili bao lina nyumba tupu."

Kwa asiyejua: kati ya yale mashimo yote, moja kila upande lina pembe nne, linaitwa nyumba. Ndiyo roho ya mchezo. Mchezaji haanzi nyumba yake ikiwa tupu. Na mimi kwa uvivu wangu nilibandika michoro kwa kufuata mstari tu, bila kufikiri. Nyumba ya kijiji ilikuwa imeangukiwa na jambo la matumizi ya karatasi ofisini.

"Leo hatuchezi, Mzee Vuai. Tia kete penye jambo linalokugusa."

"Najua, najua. Lakini nyumba haikai tupu." Akatia kete zake zote kwenye karatasi.

Wa pili akatia kwenye karatasi. Wa tatu pia! Nikawaambia, jamani, hili shimo ni la karatasi za ofisini, nyinyi hata ofisi hamna! Wakanijibu kwa upole kabisa, "Tumefahamu, lakini nyumba kwanza." Bi Karin akainua kichwa.

"Bwana Nassor, ningependa kufahamu. Kwa nini wanaume wa kijiji wana wasiwasi mkubwa kuhusu karatasi?"

"Ni... ni watu wanaopenda miti, Bi Karin."

Akaandika! Haki ya Mungu, akaandika.

Nikaona hapa kazi inaharibika. Nikamuomba Mzee Vuai, kwa adabu zote, azitoe kete za karatasi atie kwenye jambo la kweli. Akasema sawa, hana ubishi. Akazizoa zote za kwenye nyumba. Nikashukuru. Lakini yakhe, mchezaji wa bao akishika kete nyingi mkononi hazitupi pahala pamoja. Mkono wenyewe haukubali. Akaanza kuzipanda, moja shimo hili, moja shimo lile, taratibu, mpaka ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete ndani, na mbele yake kuna kete za hoteli za ajira. Akazichukua!

"Mzee Vuai! Hizo za hoteli!"

"Kete ishatua penye wenzake, ntaiachaje?" Na huku anaendelea kuzipanda upande wake. Alipofika pembeni akakutana na kitambaa changu. "Na hii umelivisha nini? Bao halichezwi limevaa." Akakivuta, akakitupa.

Wanaume wote wakasogea. Mnajua wanavyosogea.

Nikapiga magoti nikaanza kurudisha kete zilipokuwa. Mzee Vuai akanishika mkono. Kete ikishatua, akasema, hairudishwi kwa mkono. Ukitaka chako, cheza ukichukue. Wenzake wakaitikia, naam, ndivyo. Sheha naye, mtu wa serikali, niliyemtegemea, akaitikia ndivyo!

"Je," Bi Karin akauliza, "hii ni sehemu ya utaratibu?"

Ningesema ukweli pale pale ningerudi mjini na uso wangu. Badala yake nikasema, "Naam, Bi Karin. Huu ndio mjadala wa pande mbili. Kijiji kinatoa hoja, kampuni inajibu."

"Kumbe! Vizuri sana." Akavuta kiti karibu.

Nikachutama upande wa hoteli. Wallahi nia yangu ilikuwa safi. Nilitaka mzunguko mmoja tu, niziokoe kete za ajira, nilifunge bao, niombe vibandiko. Nikacheza kidogo, kwa adabu. Mzee Vuai akajibu. Nikacheza tena. Akacheka kidogo, akawageukia wenzake.

"Watu wa mjini bwana. Wanacheza bao kama wanapanga vikombe kabatini."

Wakaangua kicheko.

Sasa nyinyi mnanijua. Mtu anaweza kunitukana mimi. Anaweza kuutukana mshahara wangu, nikamsaidia. Lakini bao la baraza yetu? Bao tunalocheza kila alasiri, tunalogombea mpaka adhana inatutenganisha? Damu ikanipanda. Nikapandisha mikono ya shati. Bi Karin sikumuona tena. Ripoti sikuikumbuka. Palikuwa na bao tu, na kidevu cha yule mzee.

Akaniringia, nikamringia. Akala, nikala. Watu wakaanza kupiga makofi. Wanaume wakagawanyika, wengine wakawa upande wangu. ("Mtazame huyu wa mjini, ana mkono!") Nikazidi kuvimba. Zamu yangu ikafika, nikalitazama bao.

Nimeona nafasi. Nikianzia shimo la jenereta, kete yangu ya mwisho inaangukia kwenye lile shimo la hoteli lenye kete moja. Na shimo linalolitazama, upande wa kijiji, limejaa pomoni! Kete chungu nzima, zimekaa tu, hakuna aliyezigusa mchezo mzima! Nikajiuliza, huyu mzee fundi gani, anaacha mali kama ile wazi? (Hakuziacha kwa kutojua. Alikuwa hazigusi kwa sababu zilikuwa za kina Bi Mize. Hilo ningelijua kama ningekuwa na akili. Sikuwa nayo.)

Nikazoa. Nikapanda. Moja, moja, moja, ya mwisho, tap! Nikazila zote. Kiganja hakikutosha, nikashika kwa mikono miwili. Nikazipanda upande wangu, zikazunguka, nikala tena, nikazunguka, nikala tena, mkono unakwenda wenyewe. Nilipomaliza, mstari wa mbele wa kijiji haukuwa na hata kete moja. Mtupu! Na mstari wa mbele ukiwa mtupu, mchezo umekwisha.

Nikaruka. Yakhe, niliruka juu, mtu mzima, nimevaa kitambulisho cha kampuni shingoni. Nikapiga kelele:

"Wamekwisha! Hawana kitu! Hawana hata kete mojaaa!"

Nikatua. Nikangoja makofi.

Hayakuja.

Nilisikia mbuzi nje. Wanaume waliokuwa upande wangu walikuwa wakitazama miguu yao. Mzee Vuai alikuwa ananitazama bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kisha nikasikia mtu anainuka upande wa wanawake.

"Bwana Nassor," alisema Bi Mize. "Zile kete zetu zi wapi?"

"Zipi, Bi Mize?" (Nilijua zipi. Nilikuwa natafuta muda.)

"Tulizotia sie. Kwenye tone."

"Zime... zimechukuliwa, Bi Mize. Katika mchezo."

"Kazichukua nani?"

"Mimi."

"Kwa ajili ya nani?"

Nikamtazama Sheha anisaidie. Sheha alikuwa amepata kitu cha kutazama darini.

"Kwa ajili ya nani, mwanangu?"

"Ya hoteli, Bi Mize."

Akageuka kwa Bi Karin. Hakupandisha sauti hata chembe.

"Umeona, mama? Tumeletewa mchezo tuseme shida yetu. Hata kwenye mchezo maji yetu yamekwenda hotelini."

Ningekuwa na uwezo ningeingia kwenye lile shimo la maji nikajifunika kile kitambaa. Lilikuwa tupu, nafasi ilikuwapo.

Bi Karin akaja akainama juu ya bao. Akauliza kwa Kiswahili chake cha redio, kila neno limepigwa pasi:

"Bwana Nassor, tafadhali nieleze matokeo. Upande huu ni wa wanakijiji. Hauna kitu. Je, hii ina maana kwamba wanakijiji hawana tatizo lolote?"

"Hapana, Bi Karin."

"Na upande huu wa kampuni umejaa. Je, matatizo yote ni ya kampuni?"

"Hapana, Bi Karin."

"Basi mjadala wa pande mbili ulikuwa wapi?"

Nikaokota kile kitambaa, nikaanza kukikunja. Mzee Vuai akanionea huruma, akamjibu yeye: "Mama, hakukuwa na mjadala. Palikuwa na bao. Na kanifunga, tena kanifunga vizuri." Yaani hata sifa niliyoitaka nimeipata, na nimeipata saa ambayo sikuihitaji hata kidogo!

Nikapendekeza tupige kura upya. Nikapendekeza mpaka vibandiko. Bi Mize akakataa.

"Sie kura tushapiga. Mama huyu kaziona zilivyojaa, kaandika. Hatupigi tena. Aliyezila ndo ana kazi, si sie."

Bi Karin akaomba apelekwe kisimani. Tukaenda wote, mimi nyuma kabisa na bao langu kichwani. Wakamchotea maji kwenye kata. Akanywa funda moja, akanipa mimi kata. Nikanywa. Nilikuwa najua kwamba yana chumvi. Nimeandika mwenyewe, kwenye ripoti ya ndani, kwamba yana chumvi "kiasi". Leo ndiyo mara ya kwanza nimeyaonja. Wallahi si kiasi. Ni aibu, na watoto wanayanywa.

Pale pale kisimani akapiga simu. Pampu ya hoteli inazimwa kuanzia jioni hii mpaka mtambo uletwe. Maji ndilo jambo la kwanza la ripoti, na fungu litakwenda huko. Huku nyuma kijiji kitaletewa maji matamu kwa gari la boza la hoteli, kila siku, mpaka kisima kipone. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nami nikapiga makofi, nikidhani nimesahauliwa.

Sikusahauliwa. Bi Karin ameniagiza niandike mwenyewe ile sehemu ya ripoti inayoeleza namna tulivyowapima wananchi. Yote, bila kupunguza, na picha ataweka yeye. (Alipiga picha! Mimi niko hewani, mdomo wazi, kitambulisho kimeruka usoni. Badala ya mnazi, mwaka huu nimo mimi.)

Nikafikiri hapo pametosha. Tulipokuwa tunaagana Bi Mize akamuita Bi Karin.

"Mama, hilo boza likija, tunaomba jambo moja."

"Karibu, Bi Mize. Sema."

"Aje nalo huyu. Kila siku. Akae juu, atutilie kwa mkono wake, ndoo kwa ndoo. Kete zetu alizila mbele za watu, basi na maji ayarudishe mbele za watu."

Bi Karin akasema, "Pendekezo limekubaliwa." Sheha akasema ndivyo. Mzee Vuai akasema nikimaliza kugawa nisiondoke haraka, bao lipo, ananidai marudiano.

Naanza kesho asubuhi. Yakhe, ukipita njia ya Chwaka ukaniona juu ya boza nimeshika mpira wa maji, na kinamama wamejipanga na ndoo, usipige honi. Nakuomba. Pita kama hunijui.